Lundo Lililopumua

La Serre, milima ya Ariège, Ufaransa
Jumamosi, 9 Juni 1984

Shangazi Huguette,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mikono imejaa malengelenge. Natumaini nawe u mzima, wewe na goti lako na ng'ombe wako wote, pamoja na yule mwenye roho mbaya anayepiga mateke ndoo. Mama nimemtumia kadi tu. Ukimwandikia mama barua ndefu anaisoma huku akitafuta kosa. Usimwambie nimesema.

Haya, nisikilize, na usipige kelele. Hispania sijafika. Njiani nilikutana na kijana mmoja Mholanzi, Joost, mrefu kama mlingoti na mvivu kama paka, akaniambia kuna shamba mlimani huku linapokea wasafiri. Unafanya kazi asubuhi mpaka chakula cha mchana, wao wanakupa kula na kulala. Mshahara hakuna. Najua utasema nini: binti wa mkulima anakwenda kuwalimia bure watu wa mjini! Sema, nakusikia mpaka huku.

Mwenye shamba ni Thibaut. Alikuwa mwalimu wa hesabu Toulouse, na mkewe Régine alikuwa mtu wa benki. Wakaacha vyote wakaja kuishi bila trekta, bila dawa za sumu, bila umeme wala simu. Wanafuga mbuzi, wanatengeneza jibini, wanapanda maharage, na kila kinachotoka ardhini kinarudi ardhini. Fahari yao kubwa ni lundo la mboji. Kila asubuhi Thibaut anatia mkono humo mpaka kwenye kiwiko, halafu anaita, "Linapumua!" Ndani yake wamezungusha bomba, na maji yanatoka ya moto kabisa. Tunaogea joto la samadi, shangazi! Mimi nilicheka hadi nikaoga mara mbili.

Mtu wa posta hapandi huku. Barua zinaachwa kijijini, mkahawani kwa Pujol, nasi tunashuka kila Jumamosi siku ya soko. Basi usipopata jibu upesi usianze kununua nguo nyeusi.

Kuna jambo. Sijaishi shambani tangu nikiwa na miaka minne, na huku namfikiria baba kila siku. Ile radi ilimpiga akiwa wapi hasa? Malishoni? Mlangoni? Mama ukimuuliza anaanza kuosha vyombo vilivyo safi. Wewe ulikuwapo. Niambie.

Mwanao,
Odile


Les Enfers, Jura, Uswisi
16 Juni 1984

Odile mwanangu,

Marahaba. Barua imenikuta nimeinua mguu juu ya kiti, goti limevimba kama tikiti. Yule mwenye roho mbaya amezaa ndama jike, mzuri ajabu, na bado anapiga mateke. Gaston jirani anakuja kunisaidia asubuhi na jioni. Ghalani anaingia yeye kama kawaida, mimi naishia mlangoni. Mama yako alipiga simu Jumapili. Anasema kadi yako ina doa la mafuta.

Kuhusu hao mabwana zako wa Toulouse, sina neno. Mtu akitaka kuoga kwa samadi na aoge. Ila hesabu za ubaoni na hesabu za shamba ni vitu viwili, na mvua haijasoma shule.

Umeniuliza habari ya radi. Radi ni radi. Ilipiga, ikaua, tukazika. Wewe ulikuwa mdogo. Mambo yaliyolala yaache yalale.

Ila nataka kukuomba kitu, na nakuomba kama shangazi yako, si kama mzee wa kuchekwa. Lala ndani ya nyumba. Wakikupa kona jikoni, lala jikoni. Wakikupa sakafu, lala sakafuni. Ghalani juu ya nyasi usilale, hata usingizi wa mchana. Kuna panya, kuna vumbi, utapata kifua. Nijibu kwamba umenisikia.

Nimekutumia soksi za sufu. Zivae.

Shangazi yako,
Huguette


La Serre
Jumamosi, 30 Juni

Shangazi mpenzi,

Shikamoo tena. Soksi zimefika, Joost kaniibia jozi moja. Hongera kwa ndama. Mpe jina la mama, wote wawili wana macho ya kulaumu.

Tumekata nyasi! Tumezikata kwa mafyekeo marefu ya mkono, bondeni kote, watu sita tumepangana kama wacheza ngoma. Siku mbili jua likawaka vizuri. Siku ya tatu, Alhamisi, tukaona mawingu meusi yanapanda kutoka upande wa Hispania. Régine akasema, "Ziacheni zinyeshewe, tutazikausha upya." Thibaut akasema hapana, nyasi zikinyeshewa zinapoteza nguvu yote. Basi tukakimbia nazo jamani, migongoni, kwa shuka, kwa mkokoteni, tukazitupa juu kwenye dari ya ghala tukazikanyaga zishikamane. Tone la kwanza lilianguka tukitupa mzigo wa mwisho. Tulipiga kelele za ushindi kama watoto wa shule.

Zilikuwa bado na ubichi kidogo kwenye vikonyo. Nilimuuliza Thibaut, akaniambia, "Zitamalizia kukauka zenyewe. Maumbile hayana haraka." Namna anavyosema mambo, mtu unaona haya kubisha.

Sasa nikuambie ajabu. Nilipopanda ngazi kwenda kuzikanyaga, nilikwama katikati. Haikuwa kuogopa urefu, maana pembeni kuna ukuta. Ilikuwa ile harufu. Niliinusa nikataka kulia, nikataka kushuka, na sijui kwa nini. Joost akanicheka, "Mkulima wa Uswisi anaogopa majani!" Nikapanda, lakini mikono ilikuwa baridi mpaka jioni. Je, baba alikuwa akinipeleka ghalani nilipokuwa mdogo?

Na wewe mbona umeandika vile? Panya? Vumbi? Wewe ambaye ulinilisha udongo ili nipate afya? Nalala chumba cha nyuma, basi, tulia. Lakini unanificha jambo, nami si mtoto.

Odile


Les Enfers
5 Julai 1984

Odile,

Sina habari za nyumbani leo. Wote wazima.

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Zilikuwa na ubichi kwenye vikonyo. Mmezikanyaga zikashikamana. Mungu wangu.

Nijibu haya, usiniletee mzaha. Mlitia chumvi kati ya tabaka na tabaka, inyonye unyevu? Dari ina matundu ya kupitisha hewa, au ni ukuta mtupu? Kuna mtu anayekwenda kuzipima? Mwambie huyo mwalimu achukue nondo ndefu, aichome mpaka katikati ya lundo, aiache humo muda wa kunywa kahawa, kisha aichomoe aishike kwa kiganja. Akiweza kuishika, sawa. Akiiachia kwa sababu inaunguza, wote tokeni humo na waiteni zimamoto, muda huohuo, hata kama hakuna moshi. Hasa kama hakuna moshi.

Nyasi si mboji, Odile. Mwambie hivyo kwa maneno hayo hayo.

Unauliza kama ninakuficha jambo. Ndiyo, na nilimwapia mama yako kwamba sitasema. Usinilazimishe. Fanya tu ninavyokuambia.

Huguette


La Serre
Jumamosi, 7 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Leo hakuna barua yako kwa Pujol, kwa hiyo nadhani umenuna. Au goti? Nakuandikia hapa hapa mezani mkahawani, wenzangu wananunua mishumaa.

Habari ni kwamba kumekuwa baridi. Tangu ile mvua, asubuhi mlima mzima ni ukungu, na chumba cha nyuma ukuta unatoa maji. Régine anakohoa. Jumatatu Thibaut alipanda ghalani akatia mkono katikati ya nyasi, akashuka anang'aa uso kama amepata mtoto. "Na hili linapumua!" Tukapanda wote kutia mikono. Ni kweli, shangazi, kuna joto zuri sana ndani, kama mkate uliotoka tanuri. Thibaut anasema ardhi inatulipa fadhila. Basi tumehamisha magodoro. Tunalala juu ya lundo, watu sita, na tangu hapo Régine hakohoi tena.

Najua. Uliniomba. Lakini chumba kile kingeniua kwa baridi, na mimi peke yangu ndiye niliyebaki chini, wakinicheka. Nimepata mahali karibu na kidirisha.

Nikwambie ukweli, maana nikiusema huku wananiona mwoga. Siipendi. Harufu imebadilika. Mwanzo ilikuwa ya majani, sasa ni tamu, kama sukari inayoungua sufuriani, na chini yake kuna kitu kama tumbaku. Wenzangu wanaipenda, Joost anasema ni kama kulala duka la peremende. Mimi naamka kichwa kinaniuma. Asubuhi ukitazama lundo unaona mvuke unatoka taratibu, na godoro langu kwa chini lina unyevu. Paka wa shamba, mwenye watoto watatu, alikuwa amezaa kule kule kwenye nyasi. Jumatano aliwabeba mmoja mmoja kwa mdomo akawahamishia kwenye kisima kikavu, na sasa ukimpandisha ghalani anakuparura.

Nilimwambia Thibaut habari ya paka. Akasema paka hawapendi wageni.

Siku hizi naota naitwa jina langu. Sauti ya mwanamume, inaniita kutoka mbali, nami nataka kuitika lakini nina kidole mdomoni. Ni ndoto ya kipuuzi, sivyo? Niandikie kwamba ni ya kipuuzi.

Odile


Les Enfers
Jumanne, 10 Julai 1984

Odile, mwanangu, mwana wa kaka yangu,

Shuka humo. Ukiwa umesimama unasoma, acha kusoma uwatoe wenzako, kisha urudi umalizie.

Barua yako imefika saa hii. Naandika upesi, nisamehe mwandiko. Nimepiga simu kwa Pujol. Mwanamume amepokea, nikamweleza, akacheka. "Bibi, sisi huku tunazijua nyasi. Na wale wenye nywele ndefu wanashuka Jumamosi, nitawaambia." Nikamwambia Jumamosi watakuwa majivu! Akasema, "Sawa, bibi, sawa," akakata. Nimewapigia zimamoto wa mji wa karibu nanyi. Wakaniuliza moto unaonekana? Sijui. Moshi? Sijui. Wewe uko wapi? Uswisi. Hao nao wakakata. Barua hii Gaston anaipeleka mjini kwa gari sasa hivi iende kwa njia ya haraka. Jumamosi usiponipigia simu, Jumapili napanda treni na goti langu hili.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwapia Edmée mama yako, na leo navunja kiapo. Mungu na anihukumu baadaye.

Hakukuwa na radi.

Mwaka ule, sitini na tatu, tuliingiza nyasi kwa haraka, mvua ikitufukuza, kama ninyi. Wiki kadhaa tulinusa utamu huo. Kila mtu aliunusa. Armand baba yako alisema zinatoa jasho tu, zitapoa. Mchana mmoja wa Agosti, baada ya kula, tukaona moshi mwembamba unapita kati ya vigae. Wewe ulikuwa na tabia ya kwenda kulala ghalani baada ya chakula, upande wa dirishani. Mama yako akakuita. Hukuitika. Akakuita tena. Armand hakungoja ngazi, hakungoja mtu. Akapanda juu ya nyasi anaita jina lako.

Juu zilikuwa nzima, Odile. Zilikuwa kijani, nzuri, huwezi kudhania. Chini yake zilikuwa zimekwisha kujiunguza zenyewe kimya kimya, pamebaki shimo kubwa kama chumba, na juu ya shimo kifuniko cha nyasi. Nilikuwa mlangoni. Nilimwona anatembea, anaita, halafu sikumwona. Hakupiga hata ukelele. Ndipo hewa ikaingia shimoni, moto ukaruka.

Wewe ulikuwa jikoni. Ulikuwa umelala kwenye kapu la nguo chini ya meza, kidole mdomoni. Tulikukuta umelala hivyo hivyo baada ya ghala kuanguka.

Edmée akasema mtoto huyu asijue kamwe kwamba baba yake alikufa akimtafuta. Akatuapisha, majirani wote, hata padri. Tukasema radi. Hukuwa na kosa lolote, nisikie vizuri, ulikuwa na miaka minne na usingizi. Lakini sauti uliyoiota si upuuzi. Uliisikia kweli.

Sasa shika haya. Msilifungue lundo wenyewe kwa uma, mkilipa hewa mtaliwasha. Zimamoto kwanza. Mtu asikanyage nyasi kwa mguu mtupu. Lazeni ngazi au mbao ndefu juu yake, na anayepita afungwe kamba kiunoni, na kamba ishikwe na watu. Na mtu asipoonekana, msipande kumtafuta kule juu kwanza. Mtafuteni chini. Mwiteni nje, kisimani, jikoni, chooni. Sisi hakuna aliyeangalia chini ya meza.

Naogopa, mwanangu. Nimeogopa miaka yote hii na sasa nimechoka kuogopa. Nipigie.

Shangazi yako


La Serre, au kilichobaki
Jumatatu, 16 Julai

Shangazi wangu,

Shikamoo, na pole kwa ile simu. Nilikuwa nalia, na nadhani ulisikia neno moja tu, "nipo", kabla sarafu hazijaisha. Nipo kweli. Nyusi zangu zimeungua kidogo, nina sura ya mtu anayeshangaa. Kaa, nikueleze yote, nawe ulie mara moja yaishe.

Jumamosi ilikuwa sikukuu ya taifa ya tarehe kumi na nne. Niliamka na kichwa kinagonga, nikashuka sokoni na Régine mapema. Mkahawani kwa Pujol palijaa wanaume wanapanga viti na kutundika taa za rangi. Ndio zimamoto wa kijiji, wote wa kujitolea, wote wakulima, na usiku ule ilikuwa dansi yao ya kila mwaka. Walivaa mashati meupe. Pujol akanipa barua zako mbili pamoja, ya tarehe tano na ya tarehe kumi, zote zilikuwa chini ya sahani ya sarafu. Akasema, "Halafu kuna bibi mmoja wa Uswisi alipiga, anaogopa nyasi." Akacheka. Nami nikacheka naye, shangazi. Nisamehe.

Nikafungua ya pili kwanza. Nilipofika penye "hakukuwa na radi" sikuweza kusoma kwa macho, nikawa nasoma kwa sauti. Sikujua kwamba nasoma kwa sauti. Wanaume wakanigeukia. Yule mkubwa wao, Fauré, mtu mnene mwenye sharubu, alikuwa ameshika kiti mkononi. Akaniuliza taratibu, "Binti, harufu yake ikoje?" Nikamwambia sukari inayoungua. "Na chini yake?" Tumbaku. Akakiweka kiti chini. Akamuuliza Pujol ile simu ilipigwa lini, kisha akamwambia, "Mpumbavu wewe. Tangu Jumanne?" Kisha wote wakakimbia, na mashati yao meupe.

Njia nzima nilikuwa ndani ya gari lao jekundu nashika barua yako kama mtu anayeshika ukuta. Régine alikuwa ananiuliza, "Lakini joto ni jema, sivyo? Si joto ni jema?"

Tulipopinda kona ya mwisho tukaona moshi. Mwembamba, kati ya vigae, kama ulivyoandika. Thibaut alikuwa mlangoni mwa ghala, uma mkononi, mguu tayari kwenye ngazi. Wale wengine wawili walikuwa wanatoa mbuzi. Akatuona akapiga kelele, "Joost yuko juu! Jumamosi analala mpaka saa sita, nimemwita haitiki!" Na akaanza kupanda.

Shangazi, sijui nguvu nilizipata wapi. Nilimrukia nikamshika mguu kwa mikono miwili, nikaning'inia. Akanitukana. Mwalimu mpole yule, alinitukana matusi ambayo sikujua anayajua. "Niache, mtu anakufa!" Nikamwambia, "Baba yangu alikufa hivyo! Mbao! Leteni mbao!" Alinipiga teke la bega, bega lipo jeusi mpaka leo, sikumwachia. Fauré akamnyanyua kutoka kwenye ngazi kama anayenyanyua mtoto, akamwambia, "Binti anajua. Wewe kaa chini."

Wakalaza ngazi mbili juu ya nyasi. Wakamfunga mmoja wao kamba, kijana mwembamba, na sisi wote tukaishika kamba. Nami nikakumbuka lile la mwisho uliloandika. Nikaiacha kamba nikakimbia. Nilikwenda kisimani, kwenye banda la jibini, chooni, naita "Joost! Joost!" na sauti iliyokuwa inatoka kwangu ilikuwa ile niliyoiota. Nilijisikia mimi ndiye ninayeitwa. Nilikuwa nalia na kuita, kuita na kulia.

Alikuwa mtoni. Anaosha nywele, masikio yamejaa povu la sabuni, hasikii kitu. Aliniona akatabasamu, akasema, "Vipi, nani kafa?"

Nilimchapa kofi, kisha nikamkumbatia. Nikakimbia kurudi nikipiga kelele kwamba yupo, yupo, shukeni. Yule kijana alikuwa katikati ya ngazi, na alikuwa amesimama. Alikuwa anachoma nyasi mbele yake kwa fimbo ndefu. Fimbo ikaingia yote, kama kwenye maji. Palikuwa chini ya kidirisha. Palikuwa na godoro langu, Shangazi. Alilivuta kwa ndoana, na lilipoondoka nyasi zilizokuwa chini yake zikashuka zenyewe, polepole, tukaona shimo jekundu. Nililala hapo usiku wa kuamkia siku hiyo. Niligeuka usingizini. Nilishusha mguu nikajikuna.

Ilipoingia hewa moto uliruka mpaka kwenye vigae. Wao walikuwa na mipira ya maji tayari, lakini nusu ya paa imekwenda na nyasi zote zimekwenda. Mbuzi wazima. Paka mzima na watoto wake. Watu sita wazima, naandika tena ili uone, watu sita wazima. Dansi ilifanyika Jumapili, na zimamoto walicheza na masizi masikioni.

Thibaut alikaa kwenye ukuta wa mawe tangu Jumamosi. Jana jioni alikuja, akaniomba nimsomee barua yako, sehemu ya baba. Nikamsomea. Akaniambia, "Nilidhani kinachopumua ni rafiki." Nimeshindwa kumchukia. Leo amekwenda kwa Fauré kumwomba amfundishe nyasi.

Mama bado sijamwandikia. Sijui kama namkasirikia au namhurumia. Miaka yote hiyo anaosha vyombo safi. Sijui pia la kufanya na habari hii kwamba alikufa akiniita. Naizungusha kama pipi chungu, siwezi kuimeza, siwezi kuitema. Usiku naogopa kulala popote, hata sakafuni naigusa kwanza kwa kiganja. Lakini naona pia kwamba kama usingeniambia, Thibaut angepanda, na angekuwa wa pili.

Hispania siendi. Naweza kuja kwako? Nimesikia Agosti mnakata nyasi mara ya pili.

Odile


Les Enfers
22 Julai 1984

Odile mwanangu,

Marahaba, na tena marahaba. Nimelia mara moja kama ulivyoniagiza, na mara nyingine ambazo hukuagiza. Goti limeshuka kidogo. Ndama anaota pembe. Mama yako nimempigia simu, nikamwambia nimevunja kiapo na kwa nini. Kisha akaniuliza kama umeungua. Nikamwambia nyusi tu. Atakuja Agosti naye. Mtakuja kunyamaziana mezani kwangu, si kitu, nitapika keki ya plamu na mtaishia kuongea.

Huyo Thibaut akikupiga teke tena mwambie ana deni la Huguette wa Les Enfers.

Kuogopa kwako sikucheki. Nami nagusa vitu kwa kiganja tangu siku ile. Jana baada ya kusoma barua yako nilimwambia Gaston aondoke, leo naingia mwenyewe. Akanitazama kama nimelewa. Tulijenga ghala jipya pale pale, unajua, na mimi sijawahi kuvuka kizingiti chake. Nikachukua nondo, nikachukua ubao, nikaenda na mkongojo wangu, pole pole. Nikaichoma nondo katikati ya nyasi za mwaka huu. Nikangoja. Nikaichomoa nikaishika.

Ilikuwa ya baridi.

Nikakaa juu ya ubao, kizee mimi na goti langu, nikatazama juu. Hakuna aliyekuwapo wa kunicheka. Basi nikasema lile ambalo siku ile sikuwahi kulisema kwa kuwa sikujua, na nilipojua alikuwa amekwisha kwenda. Nikasema, "Armand. Mtoto yuko chini, mzima. Shuka sasa."

Kitanda chako nimekitandika chumbani. Njoo.

Shangazi yako,
Huguette